Zuena Haangalii Nyuso

Jumanne, 18 Desemba 1951

Mfiwa hacheki, hapandishi sauti, hatoki nje, hatembeitembei. Mfiwa anakaa. Basi nimekaa.

Mume wangu Jumaa tulimzika Jumapili ya tarehe tisa, kwa homa iliyomshika katikati ya wiki na kumaliza kila kitu. Mama yake, Bibi Swaumu, amekuja kutoka Kilimarondo kunisimamia eda. Amenitandikia mkeka kwenye pembe ya chumba, akatundika pazia, akanikunjisha miguu na kuifunika. Hapa ndipo nitakapokuwa mpaka masika yaishe. Penseli na madaftari ni ya marehemu, aliyekuwa karani kwenye stoo ya matrekta ya mashamba ya karanga hapa Nachingwea. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, Lindi, kwa shangazi yangu. Mama mkwe aliponiona na penseli aliuliza naandika nini, nikamjibu dua, akaniacha.

Siandiki dua. Naandika kwa sababu mwanangu wa pekee, Zuena, mwenye miaka sita, amenikimbia, na sina wa kumwambia.

Ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Walininyoa nywele, wakanivua kanga zangu, wakanivika kaniki, wakanikalisha katikati ya wanawake wa ukoo ambao nao walikuwa wamevaa kaniki. Zuena akaja mlangoni. Akatupita wote mmoja mmoja, akiimba kile kimlio chake cha puani, haangalii juu. Nikamwita kwa jina. Akapita mbele yangu kama anapita kinu. Nikamshika mkono, na hapo akapiga kelele ambazo sijapata kuzisikia, akaning'ata, akachomoka.

Wanawake wakatazama chini. Hilo ndilo lililonitisha.

Ijumaa, 21 Desemba

Mvua kubwa. Zuena amelala kwa bibi yake, upande wa pili wa ukuta. Namsikia akikohoa.

Ijumaa, 28 Desemba

Niseme kidogo habari za mtoto huyu, maana wenye midomo wameshaanza kumsema.

Zuena haangalii nyuso. Tangu mchanga ukimsogezea uso anafumba macho, kama aliyeelekezwa juani. Hatukuona vibaya. Mtoto mwenye adabu hamkodolei mkubwa macho, na Jumaa alikuwa akitamba kwa wageni, "Mwanangu huyu ana heshima kuliko nyie wote, hajamtazama mtu machoni tangu azaliwe." Wageni wanacheka, wanamsifu mama aliyemlea. Nami nilizipokea sifa hizo bila aibu.

Maneno yake ni machache, yanahesabika kwa vidole. Lakini akiona kitu kinachokwenda, hatoki hapo. Jumaa akiipindua baiskeli kutia gundi mpira, Zuena anachuchumaa mbele ya gurudumu mpaka lisimame. Nikipepeta mtama anatazama ungo, hanitazami mimi. Siku ya mvua anasimama chini ya upenu akitazama matone yanavyofuatana, ukimwondoa analia. Na nikitembea anatembea nyuma yangu akichechemea. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika utotoni ukaungwa vibaya, nami huchechemea mpaka leo. Mgeni mmoja aliwahi kumpa pole Jumaa kwa kuwa na mke kilema na binti kilema. Jumaa akamwambia, "Binti ni mzima, anamwiga fundi wake."

Nilimchukia siku ile kwa maneno yale. Leo ningetoa chochote aniseme tena.

Ijumaa, 4 Januari 1952

Dionisia, jirani yetu wa upande wa misheni, amekuja kunipa pole. Ameketi nje ya pazia kama inavyotakiwa. Nikamwuliza kisimani wanasema nini. Akazungukazunguka, kwanza mvua, kisha bei ya chumvi.

"Mama Kornel," nikamwambia, "nimefungwa humu, sijafa. Niambie."

Akaniambia. Shemeji yangu Kaimu, mdogo wa Jumaa, amesema mbele ya watu kwamba mtoto mdogo haongopi. Kama amemkimbia mama yake siku ya matanga, basi ameona kitu. Ameona mkono uliomwua baba yake.

"Nawe unasemaje?" nikamwuliza.

"Mimi nasema mtoto amefiwa na baba, amechanganyikiwa. Lakini mimi ni mtu wa kanisani, Mama Zuena. Nani atanisikiliza?"

Nimekaa mchana kutwa na neno hilo kifuani. Miaka minane nimempikia Kaimu.

Ijumaa, 11 Januari

Mvua. Paa linavuja juu ya mkeka. Mama mkwe amenisogeza shubiri moja, kwa ukali, kana kwamba paa nimelitoboa mimi.

Jumamosi, 19 Januari

Kwenye udongo wa ukuta kuna ufa unaoonyesha uani. Tangu asubuhi nilikuwa nimeuwekea jicho.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi. Zuena akatoka jikoni na kikombe chake, anataka maji. Akampita bibi yake karibu kabisa, akaenda mpaka mtungini, akarudi, akampita tena, akaanza kulia. Bibi akasema, "Mie huyu hapa, hunioni?" Mtoto hakugeuka. Kisha mama mkwe akainuka. Yeye akiinuka hushika kiuno kwanza, halafu hutembea akiyumba upande kwa upande kwa sababu ya magoti. Hakuwa amepiga hatua tatu, Zuena akaja mbio na kikombe akakishindilia mkononi mwake.

Baadaye Dionisia alipita na kitambaa kipya kichwani, tena amejifunika kanga ya mtu mwingine. Zuena hakukitazama kitambaa wala kanga. Alitazama miguu ikija, akampisha njia kama anavyompisha kila siku.

Nikaondoa jicho ukutani, nikalia mpaka nikauma kaniki. Mwanangu hajaona mkono wa mchawi. Hajaona kitu chochote. Uso kwake ni kama majani ya mti, yanapepea, yanabadilika kila ukitazama, utayashikaje? Yeye anamjua mtu kwa mwendo wake. Na mimi nimenyolewa, nimevikwa nguo ya watu wote, nimekalishwa. Mama yake anachechemea. Huyu anayekaa ni nani?

Jumanne, 22 Januari

Mama mkwe alipokwenda shambani kufukuza nguruwe nilisimama. Miguu ilikuwa na ganzi, nikashika ukuta. Kisha nikatembea, kutoka pembeni mpaka mlangoni, mlangoni mpaka pembeni. Nilitembea kwa makusudi, sikuuficha ule mguu.

Kimlio cha puani kikasimama huko uani. Nikaendelea. Nikaona kivuli kwenye kizingiti, halafu miguu midogo yenye tope. Zuena akaingia. Hakunitazama, alitazama chini. Nilipogeuka akaingia nyuma yangu, akaanza kuchechemea.

Tukaenda na kurudi, mama na mwana, mpaka nikachoka. Hakunikumbatia, hajui kukumbatia. Nilifurahi kupita siku niliyomzaa.

Jumamosi, 26 Januari

Mama mkwe amejua. Mtu alipita nyuma ya nyumba akasikia vishindo, ikawa habari: mfiwa anacheza ngoma ndani. Amenijia amefura.

"Mwanangu hajakauka kaburini wewe unatembea! Kila hatua yako unamkanyaga."

Nikamweleza habari za Zuena na miguu. Nilimweleza taratibu, kama nilivyoeleza hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto anamjua mama kwa titi na kwa uso," akasema. "Kwa miguu anajulikana ng'ombe."

Amelala kizingitini kwangu. Kaimu naye ametuma salamu kwa kaka yangu Halfani, Mandawa, aje. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, na neno la Halfani juu ya Zuena ni la mwisho. Nimefurahi kusikia anakuja. Halfani ni damu yangu, tumenyonya ziwa moja. Yeye ataelewa.

Jumapili, 10 Februari

Njaa ya masika. Mahindi bado machanga. Uji umekuwa maji yaliyochafuka, na majani ya kunde asubuhi na jioni. Miguu yangu imeanza kuvimba. Ukibonyeza kidole shimo linabaki.

Jumatano, 13 Februari

Kupitia ufa nimemwona mama mkwe akimimina uji wake kwenye bakuli la Zuena, halafu akalamba kijiko kwa muda mrefu ili mtoto adhani anakula. Zuena hakuwa akitazama hata hivyo, alikuwa anatazama moshi. Mwanamke huyu nimemwombea mabaya mengi tangu Desemba. Leo nimeona haya.

Alhamisi, 21 Februari

Halfani ametanguliza maneno kwa dereva wa lori. Amempata fundi, kijiji kimoja mbele ya Mandawa, anayefungua macho ya watoto wasiojua wazazi wao. Anachanja chale kwenye kope na pembeni mwa macho, anapaka dawa, anafunga kitambaa. Kikifunguliwa, mtoto anaona nyuso.

Dionisia alisikia akajishika kinywa. "Yupo mtoto wa Nanganga aliyepelekwa huko. Ametoka jicho moja limeziba. Mama Zuena, usikubali. Sista wa zahanati ya misheni alimwashia Zuena taa machoni mwaka jana, akasema anaona kuliko sisi."

Nikubali, nisikubali, nani ananiuliza?

Alhamisi, 28 Februari

Sijalala vizuri. Miguu kama magogo. Nimejaribu kusimama, nikakaa.

Jumamosi, 8 Machi

Halfani amekuja. Nitaandika yote.

Alifika adhuhuri na baiskeli yake, amelowa. Akaingia kunisalimu, maana kwa ndugu hakuna pazia. Nikaanza kulia kabla hajakaa. Akanipa pole ya Jumaa, akanisomea Fatiha. Nikamweleza yote: matanga, kaniki, kigoda cha bibi, kikombe, jinsi nilivyotembea naye akanifuata. Alitikisa kichwa kila mahali panapostahili. Nikasema moyoni, ameelewa.

Akasema, "Mwanaheri, mdogo wangu. Umesikia wanayosema juu yako?"

"Nimesikia."

"Wanasema umeua. Mtoto akikaa hivi alivyo, eda ikiisha utatoka humu na jina hilo, na litakufuata mpaka kwetu. Mimi sitaki kugombana na watu. Nataka waone kwa macho yao. Mtoto akikujua leo mbele yao, simchukui. Asipokujua, namchukua kwa fundi, mfunguliwe wewe na yeye pia."

"Kaka, watamkata macho."

"Chale mbili tatu. Mimi na wewe tulichanjwa ngapi?"

Akawaita. Kaimu akasimama mlangoni na wazee wawili, Dionisia nyuma yao, mama mkwe akimshika Zuena mkono. Halfani akamwambia mtoto, "Nenda kwa mama yako." Zuena akatazama mvua iliyokuwa ikidondoka upenuni.

Nikajua ninachotakiwa kufanya, na sikujali eda wala wazee. Nikasimama. Mama mkwe, aliyekuwa amenikataza, hakunizuia. Nikapiga hatua ya kwanza.

Miguu haikuwa yangu. Ilikuwa imejaa maji, mizito yote miwili, kushoto na kulia sawasawa. Nikajaribu kuutupa ule mguu mbovu kama nilivyoutupa miaka yote, ukaburuzika tu. Zuena alikuwa ameacha kutazama mvua. Aliitazama miguu yangu. Naapa aliitazama, akaacha kuimba, akainamisha kichwa upande, akasubiri. Nikapiga hatua nyingine. Nilikuwa natembea kama mwanamke yeyote mnene anayeburuza miguu. Nikamwona akisubiri ile hatua ambayo haikuja. Kisha akageuka kwenye matone yake.

Kaimu akatoa pumzi. "Mmeona," akasema.

Mama mkwe ndiye aliyesimama mlangoni. Bibi Swaumu, aliyenilinda kama mfungwa. Akapanua mikono kwenye miimo.

"Halfani, nimezaa tisa nimezika sita. Mtoto aliyelogwa namjua. Huyu hajalogwa. Mwache."

"Bibi, nakuheshimu," Halfani akasema. "Lakini mtoto ni wa kwetu, si wa kwenu."

Na ni kweli. Ndiyo mila, hata yeye anaijua. Mikono yake ikashuka yenyewe.

Zuena hakulia alipopandishwa kwenye keria ya baiskeli. Halfani alikuwa ameisimamisha baiskeli karibu naye, na gurudumu lilikuwa linazunguka.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Mama mkwe analala ndani, kando yangu. Usiku ananikanda miguu kwa maji ya moto na chumvi. Hatuzungumzi habari za mtoto. Jana alisema, bila kuulizwa, "Heri ningekuacha utembee." Nikamwambia, "Basi, Mama."

Jumapili, 23 Machi

Mahindi mabichi yametoka. Nimekula kwa sababu nataka miguu. Namchukia Halfani waziwazi, naandika ili nisikane: namchukia ndugu yangu, na ninajua alinitakia mema, na hilo linanizidishia chuki.

Jumamosi, 5 Aprili

Dereva wa lori anasema mtoto alikwishapelekwa. Zaidi hajui.

Jumanne, 15 Aprili

Eda imeisha. Wameniogesha, wamenivika nguo nyeupe, nimetolewa nje. Jua limeniumiza macho. Uvimbe umepungua tangu wiki iliyopita, na nimezunguka nyumba mara mbili nikichechemea vizuri. Wanawake walidhani nimerukwa na akili. Mama mkwe alikuwa anatembea pembeni yangu.

Kesho naondoka na lori la mfanyabiashara wa ufuta mpaka Ruangwa, likipata njia. Kutoka hapo nitatembea.

Jumatatu, 21 Aprili. Mandawa

Lori lilizama tope mara nyingi, tukalala njiani. Kutoka Ruangwa nilitembea, nikalala kwa watu, nikatembea tena. Nilifika kwa Halfani leo alasiri.

Zuena alikuwa ameketi uani, chini ya upenu, ingawa mvua ilikuwa imekatika. Nilisimama mbali nikamtazama. Kope zote mbili zina makovu, yamevuta ngozi. Jicho la kulia lina utando mweupe, limekufa. La kushoto jekundu, lakini linafunguka. Amekonda. Kimlio chake cha puani sikukisikia.

Sikumwita. Nikaingia uani nikitembea.

Akainua kichwa. Akakigeuza, akaleta lile jicho zima upande wangu, chini, kwenye udongo. Nikapita mbele yake, nikaenda mpaka kwenye kinu, nikageuka. Alikuwa amekwishainuka. Akaja akipapasa hewa kidogo kwa mkono, akaingia nyuma yangu, na akaanza kuchechemea.

Ukelele ulitoka kwa mke wa Halfani. Watu wakaja. Halfani akatoka ndani akasimama, nikaona machozi yanamtoka, mwanaume mzima.

"Amemjua mama yake," akasema. "Mmeona? Dawa imeshika."

Nilifungua kinywa nimwambie. Nimwambie ni miguu, ilikuwa miguu tangu mwanzo, jicho la mwanangu limekufa bure. Akaniwahi.

"Sema mwenyewe, Mwanaheri, watu wasikie. Fundi alisema kama haijashika vizuri arudishwe akamalizie jicho la kushoto. Kama imeshika, mchukue mwende, na anayekusema atanisema mimi."

Uani palikuwa pamejaa. Mbele kabisa alisimama mama mmoja kijana, mgeni, vumbi la safari mpaka magotini. Mgongoni alikuwa na mtoto mkubwa kiasi cha kutembea. Mtoto hakututazama. Alikuwa ameinua mkono juani, anavichezesha vidole mbele ya macho yake, anavitazama, anavichezesha tena. Mama yake alikuwa ananitazama mimi tu.

"Dada," akaniuliza, "ni kweli? Alikuwa hakujui kabisa?"

"Alikuwa hanijui," nikasema.

"Na sasa imeshika?"

Zuena alikuwa amesimama nyuma yangu, anasubiri niondoke ili aondoke. Nilihisi pumzi yake kiunoni.

"Imeshika," nikasema.

Yule mama akashukuru. Akamfunga mwanawe vizuri mgongoni, akamwuliza Halfani njia ya kwa fundi, naye akatoka mpaka barabarani kumwonyesha.